Kama Ningeweza Kurudi Mwaka wa 1946

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Zipo hadithi za namna moja ambazo vijana wengi wazipenda sana, nazo ni zile za watu wasafirio katika wakati. Mtu wa kawaida husafiri kutoka Nachingwea kwenda Ruangwa, au kutoka Ruangwa kwenda Lindi. Lakini mtu wa hadithi hizi huondoka leo akafika juzi, au akafika mwaka ambao babu zake hawajazaliwa bado. Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu chake juu ya mashine ya kusafiri namna hiyo katika mwaka wa 1895, na tangu hapo waandishi wengi wameifuata njia yake.

Mimi nataka kusema juu ya fungu moja tu la hadithi hizo, yaani zile ambazo msafiri hurudi nyuma, akabadili jambo, kisha akarejea kwake na kuikuta dunia si ile aliyoiacha. Mwaka wa 1952 Mmarekani Ray Bradbury aliandika hadithi fupi ya wawindaji waliolipa fedha nyingi ili wapelekwe enzi ya wale wanyama wakubwa mno wa kale, dinosaria. Waliambiwa wasitoke nje ya njia waliyotengenezewa. Mmoja akashikwa na hofu, akatoka njiani, akamkanyaga kipepeo. Kipepeo tu! Lakini waliporudi kwao walikuta hata maandishi ya lugha yao yamegeuka, na mtu aliyekuwa ameshindwa katika uchaguzi sasa ndiye mshindi. Mwandishi mwingine, Stephen King, mwaka wa 2011 alitoa kitabu juu ya mwalimu aliyerudi nyuma ili amwokoe Rais Kennedy, aliyeuawa mjini Dallas tarehe 22 Novemba 1963. Akamwokoa kweli, lakini aliporejea alikuta dunia imeharibika kuliko ile ya kwanza.

Msomaji asidhani ya kuwa mambo haya ni ya Marekani peke yake. Katika mkoa wetu wa Lindi kipo kilima kiitwacho Tendaguru. Hapo Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria tangu mwaka wa 1909 hata 1913. Watu wetu waliichukua mifupa hiyo kwa vichwa na mabega, mwendo wa siku kadhaa, mpaka bandari ya Lindi, ikapakiwa merikebuni. Mmoja wa wanyama hao amesimamishwa katika nyumba ya makumbusho mjini Berlin hata leo. Basi wawindaji wa Bradbury wangeweza kushuka hapa hapa kwetu, na kipepeo yule angeweza kuwa wa Lindi.

Bwenini kwetu, usiku wa Jumamosi, tumezoea kuulizana swali hili: "Ukipewa mashine hiyo kwa siku moja tu, utakwenda mwaka gani?" Majibu ni mengi. Mmoja asema angekwenda Dar es Salaam usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 aione bendera ya Tanganyika ikipanda. Mwenzetu mmoja wa Ruangwa asema yeye hana haja ya mambo makubwa. Angekwenda Sumbawanga mwaka wa 2020, kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho, akawape wachezaji wa Namungo habari za mabao mawili ya Simba kabla hayajafungwa. Tulicheka sana, lakini yeye hakucheka.

Jibu langu mimi lilikuwa moja siku zote. Nilisema ningerudi mwaka wa 1946 nikauzuie Mpango wa Karanga.

Wageni wasomao jarida hili huenda hawaijui habari hiyo, kwa hiyo nitaieleza kwa ufupi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na shida ya mafuta ya kula. Bwana Frank Samuel wa kampuni ya United Africa akatoa shauri kwamba karanga zilimwe Afrika ya Mashariki kwa mashine, katika mashamba makubwa yasiyopata kuonekana. Mwaka huo wa 1946 serikali ya Uingereza ikamtuma Bwana John Wakefield na wenziwe waje kuitazama nchi. Walikaa kwa muda wa wiki tisa hivi, na sehemu kubwa ya nchi waliitazama kutoka juu, katika ndege. Kisha wakaandika taarifa yao. Hesabu ilikuwa kulima eka 3,210,000 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Kwa upande wa Tanganyika palichaguliwa mahali patatu: Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea.

Kazi ilianza Kongwa mwaka wa 1947. Matrekta mengi yalikuwa yamekwisha tumika vitani, yakavunjika upesi. Vifaru vya vita navyo viligeuzwa kuwa matrekta. Mibuyu ilikataa kung'oka. Udongo wa Kongwa, ukikauka baada ya mvua, uligeuka mgumu kama sakafu, na karanga zikakwama humo. Mvua nayo haikufuata hesabu za London. Huku kwetu mvua ni nzuri zaidi, lakini msitu ulikuwa mnene, na kabla ya kulima ilibidi kwanza kutengeneza reli na bandari ya kupitishia mitambo. Mwezi wa Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kwamba mpango ule umekwisha. Fedha zilizopotea zilikuwa kama pauni milioni 36. Karanga zilizopatikana zilikuwa chache mno.

Kwa hakika mtu asomapo habari hiyo moyo wamwuma. Miti ile yote! Fedha zile zote! Na wakulima wa kusini walikuwa wakilima karanga kwa jembe la mkono, wakizivuna na kuzila, wala hakuna aliyewauliza mvua huanza lini. Ndiyo maana nilisema, ningefika siku ile Bwana Wakefield aliposhuka katika ndege, nikamwamkia kwa adabu, nikamwambia, "Bwana, karanga zako hazitaota kama unavyodhani. Rudi kwenu."

Sasa, wasomaji, na tuitazame hesabu hiyo mpaka mwisho wake kama Mwalimu wetu wa Historia atufundishavyo, kwamba jambo moja huzaa jingine. Tuseme Bwana Wakefield amenisikia, akarudi kwao.

La kwanza, reli ya kutoka pwani mpaka Nachingwea haijengwi. Reli hiyo ilijengwa kwa ajili ya karanga, na ijapokuwa iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, siku zake ilichukua watu na mizigo. La pili, bandari ya Mtwara haijengwi, au haijengwi wakati ule. Bandari hiyo yenye kina kirefu ilifunguliwa mwaka wa 1954, mpango wenyewe ukiwa umekwisha kufa, na hata leo meli hupakia korosho zetu pale. Mji wa Mtwara, kama tuujuavyo, ulitokana na bandari hiyo. La tatu, mji wa Nachingwea wenyewe hauwi mji huu. Barabara zake, uwanja wake wa ndege, na majina ya mahali pake yana alama ya karanga.

Katika majina hayo limo moja ambalo kila mtoto wa hapa alijua, nalo ni Farm 17. Jina hilo ni la enzi ya mashamba ya karanga, mashamba yalipoitwa kwa namba. Karanga zilikwisha, namba ikabaki. Kisha mwaka wa 1965 Tanzania ikawapa ndugu zetu wa Frelimo mahali hapa Nachingwea pa kufundishia askari wao, waliokuwa wakipigana na Wareno ili kuikomboa Msumbiji. Bwana Samora Machel aliongoza mafunzo katika kambi hiyo, na mwaka wa 1975, tarehe 25 Juni, nchi yake ilipopata uhuru, yeye akawa Rais wa kwanza. Huko Kongwa nako, katika mahali pale pale palipoharibikiwa karanga, walikaa wapigania uhuru wa Afrika ya Kusini na wa nchi nyingine.

Sisemi ya kuwa bila karanga Msumbiji isingepata uhuru. Watu wenye nia hutafuta njia, na Frelimo wangepata mahali pengine. Nasema hivi tu: Bwana Wakefield, alipokuwa akipita juu ya misitu yetu katika ndege yake, alikuwa akitafuta mafuta ya kukaangia samaki wa Kiingereza. Hakujua ya kuwa mashamba yatakayolimwa kwa shauri lake yatakuja kuwapokea askari wa uhuru. Hakuna ambaye angeweza kujua.

La nne lanihusu mimi mwenyewe. Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani, wilaya ya Ruangwa, nikamweleza babu habari ya mashine hii. Babu ni mtu wa kusikiliza mpaka mwisho. Nilipomaliza akaniuliza, "Baba yangu alifanya nini Nachingwea, wajua?"

Nikajibu, "Najua, babu. Alikuja kutoka Newala kukata miti ya Mzungu."

"Na mama yangu alikutana naye wapi?"

Hilo nilikuwa nalijua pia, maana hadithi hiyo tumelelewa nayo. Mama yake babu alikuwa Mmwera, na alipokuwa msichana alifuatana na mama yake kuwauzia wafanyakazi wa karanga mihogo na ndizi. Kijana mmoja Mmakonde alinunua ndizi kila siku, hata siku alizokuwa hana njaa.

Babu akasema, "Basi, mjukuu wangu, ukisha kumrudisha huyo Mzungu, wewe utarudi kwa nani?"

Wanaoandika hadithi hizi wamelitazama sana jambo hilo, nalo lajulikana kuwa ni kitendawili cha babu: mtu akirudi nyuma akamzuia babu yake asioe, yeye mwenyewe hazaliwi, na asipozaliwa, ni nani basi aliyerudi nyuma? Vitabuni ni kitendawili. Lakini kwa babu yangu, aliyekaa juu ya mkeka wake akinitazama, lilikuwa swali la kawaida kabisa.

Nilipowapelekea wenzangu bwenini maneno hayo, mmoja wao, ambaye ni mjuzi wa kubishana, alinipinga vikali. Alisema, "Kwa hiyo tuwashukuru wakoloni kwa kupoteza fedha na kukata misitu? Na watu wa Majimaji je? Tuseme nao ni vizuri walikufa?"

Hili ni swali zito, na sikuliona jibu lake usiku ule. Vita vya Majimaji vilianza katika vilima vya Umatumbi mwezi wa Julai 1905. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amewapa watu maji, wakaamini kwamba risasi za Wajerumani hazitawadhuru. Wamwera nao waliingia vitani. Kinjikitile alinyongwa mwezi wa Agosti mwaka ule ule. Kisha Wajerumani walichoma vijiji na vyakula, njaa ikaingia, na waliokufa wahesabiwa kwa makumi na makumi ya maelfu. Wengine wasema walifika 300,000. Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake ya Kinjeketile iliyotoka mwaka wa 1969, amemwonyesha mtu huyo akikataa kuyakana maji mbele ya Wajerumani, maana alijua neno lake likivunjika, na mioyo ya watu itavunjika.

Ningekuwa na mashine, je, ningekwenda Ngarambe nikawaambie watu kuwa maji hayazuii risasi? Nadhani ningekwenda. Nisingeweza kuyajua hayo nikakaa kimya, nikahesabu faida zitakazokuja baadaye. Ni kweli kwamba Mwalimu Nyerere, mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka wa 1956, alivikumbusha vita hivyo kama ushahidi kwamba watu wetu hawakuukubali utawala wa kigeni kwa hiari. Lakini hakuna mama aliyemzika mwanawe mwaka wa 1906 aliyepaswa kufarijiwa na mwaka wa 1956.

Kwa hiyo jibu langu kwa mwenzangu ni hili. Ubaya haugeuki kuwa wema kwa sababu wema umeota juu yake. Aliyetenda ubaya hesabu yake ni ile ile. Bali sisi tulioota baadaye hatuwezi kuung'oa mzizi wa zamani bila kujing'oa wenyewe pamoja na wenzetu ambao hatukuwauliza. Mambo hayo mawili ni kweli yote, na mtu hana budi kuyachukua yote, moja mkono wa kuume na jingine mkono wa kushoto.

Nimefika sasa mahali ambapo nimeomba ruhusa kwa baba kabla ya kuandika. Baba yangu alikuwa na shamba la mikorosho alilorithi, si kubwa, lakini lilikuwa likitusomesha. Mwaka wa 2016 mama alikuwa mjamzito, akaugua vibaya, ikabidi apelekwe mbali akatibiwe. Fedha hazikuwapo. Baba aliliuza shamba kwa bei ya mtu mwenye haraka. Msimu uliofuata bei ya korosho mnadani ikapanda hata kupita shilingi 3,500 kwa kilo, bei ambayo wazee walisema hawajapata kuiona. Aliyenunua shamba letu akaezeka nyumba yake bati. Tangu mwaka huo, kila minada inapoanza, baba hukaa barazani jioni, akasema, "Laiti ningengoja mwaka mmoja."

Mimi nilikuwa mdogo, lakini neno hilo niliingia nalo shuleni. Wenzangu waliponiuliza mwaka wa kurudi, kwa mdomo nilisema 1946, na moyoni nilisema 2016. Ningemkuta baba njiani akienda kutia sahihi, nikamshika mkono.

Lakini nani angengoja mwaka mmoja? Mama hangengoja. Na yule mtoto aliyekuwa tumboni sasa yuko shule ya msingi, anajua kusoma, na kila nirudipo nyumbani hunipokonya jarida hili kabla sijavua viatu, atafute picha. Shamba lile halikupotea. Liligeuka watu wawili. Baba, kama ukurasa huu umekufikia, hayo ndiyo niliyotaka kukuambia likizo iliyopita nikashindwa kwa haya. Hesabu yako ya mwaka wa 2016 ilikuwa sahihi.

Basi, wasomaji wapenzi, faida ya hadithi hizi ni nini, ikiwa mashine haipo na hata ikiwapo hatari yake ni kubwa? Mimi naona faida yake ni kututia hofu njema juu ya siku ya leo. Tunakubali upesi kwamba kumkanyaga kipepeo zamani kungebadili kila kitu. Lakini leo twakanyaga ovyo, kana kwamba nyayo zetu za leo hazina uzito. Kumbe kwa watu wa mwaka wa 2090, sisi ndio zamani. Ikiwa wao watakuwa na mashine, huenda mmoja wao anatamani kushuka hapa Nachingwea au Ruangwa wiki hii, amshike mtu mkono.

Angemshika nani? Sijui kwa yakini, lakini naweza kufikiri. Katika wilaya ya Ruangwa yapo madini ya kinywe, ambayo dunia inayataka kwa ajili ya betri za magari ya umeme. Wataalamu huja na ramani, kama walivyokuja mwaka wa 1946. Sisemi wafukuzwe, madini yana faida, na vijana wanataka kazi. Nasema tu kwamba safari hii wenyeji waulizwe kwanza habari za maji, mashamba na makaburi yao, maana wao ndio watakaobaki pale mitambo ikiondoka. Karanga zenyewe zatufundisha hivyo. Zile za matrekta zilishindwa, bali mwaka wa 2009 watafiti wa kusini walitoa mbegu mpya za karanga kwa ajili ya wakulima wetu, na mbegu moja waliipa jina la Nachingwea. Iliyojaribiwa polepole katika udongo wenyewe imeota.

Na kwa sisi wanafunzi, hasa wa Kidato cha Nne tunaongojea mtihani wa Novemba, fundisho ni dogo na la wazi. Wahenga walisema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Hawakusema yaliyopita tuyasahau, maana mganga asiyejua ugonjwa ulianza lini hawezi kuganga.

Likizo iliyopita, baba na mimi tulipanda miche 20 ya mikorosho katika kiwanja kidogo kilicho nyuma ya nyumba ya babu. Mkorosho huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne. Mdogo wangu ndiye aliyechota maji ya kumwagilia, na ameniahidi kwamba mbuzi hawataigusa. Nikirudi mwezi wa Desemba nitaipalilia.